Hundi Iliyoguswa: Mjadala wa Adhabu Maskati

Hundi huhesabiwa kuwa imebadilishwa pale mtu asiye na idhini ya mwenye akaunti anapogusa kiasi, tarehe, jina la mlipwaji au ile mistari miwili ya kuifunga, ili karatasi iseme jambo ambalo aliyeitia saini hakulisema. Saini huwa ya kweli. Hapo ndipo kosa hili linapoachana na hundi bandia, ambayo saini au karatasi nzima ni ya uongo. Linaachana pia na hundi iliyorudi, ambayo kila kilichoandikwa ni kweli ila akaunti haina fedha. Nchini Oman makosa yote matatu yanaweza kumfikisha mtu kwa mwendesha mashtaka, na sheria mama ni Sheria ya Adhabu iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme nambari 7/2018, iliyoiondoa ile ya mwaka 1974. Kinachobishaniwa ni kipimo cha adhabu. Aliyegusa hundi atazamwe kama mdaiwa aliyekiuka ahadi, kama mwizi, au kama mtu aliyeharibu kitu kinachotegemewa na watu wasiomjua hata kidogo?

Hoja zimepewa hapa sauti nne: mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, mkaguzi wa benki mjini Ruwi, na mwenye duka la vipuri vya magari Wadi Kabir ambaye ukoo wake ulirudi Oman kutoka Unguja.

Anaanza mkaguzi, maana hoja za sheria hazieleweki bila karatasi yenyewe. Rial moja ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo kiasi huandikwa kwa nafasi tatu baada ya nukta: rial mia mbili ni 200.000. Tarakimu za Kiarabu huzidisha hatari. Sifuri yake ni kitone, moja ni kijiti kilichosimama, na mbili hutofautiana na tatu kwa jino moja tu. Mtu akiacha nafasi upande wa kushoto wa tarakimu, kijiti kimoja kinageuza mia mbili kuwa elfu moja na mia mbili. Lakini tarakimu peke yake hazimfikishi mghushi mbali. Sheria ya Biashara ya Oman, Amri ya Kifalme nambari 55/90, imefuata kanuni ya Geneva ya mwaka 1931: kiasi cha maneno kikipingana na cha tarakimu, maneno ndiyo yanayosimama. Kwa hiyo lazima aguse maneno pia.

Mwandikaji makini wa Kiarabu huanza na “faqat” (tu) na kumaliza na “la ghayr” (si zaidi), ili kiasi kibanwe pande zote mbili pasibaki pa kupenyeza kitu. Tatizo huzaliwa pale “faqat” inapoandikwa mwanzo kabisa wa mstari na “mi'ata riyal” ikaanza katikati. Kwenye pengo hilo “alf wa” inaingia bila kubanana, na mia mbili imekuwa elfu na mia mbili bila herufi hata moja kufutwa. Wengine hawaongezi, wanafuta. Wino wa bolpeni ya kawaida huyeyuka kwa vimiminika kama asetoni, ingawa karatasi nzuri ya hundi hutoa doa la rangi ikiguswa navyo. Wino mzito wa jeli, ule wenye chembe za rangi zinazoingia ndani ya nyuzi za karatasi, haukubali kuoshwa kirahisi. Kwenye maabara, wino mbili nyeusi ambazo jicho linaziona sawa hutengana chini ya mwanga wa infraredi: moja hubaki, nyingine hupotea, na “alf wa” inaonekana imesimama peke yake.

“Haya yote,” anasema mkaguzi, “yanataka karatasi iwe mkononi.” Na hapo pana udhaifu wa siku hizi. Hundi nyingi hazisafiri tena. Benki iliyoipokea huipiga picha, na picha ndiyo inayokwenda kwa benki inayolipa kupitia mfumo wa Benki Kuu ya Oman. Picha haionyeshi doa hafifu la asetoni wala tofauti ya wino. Jicho la mwisho lililoiona hundi ni la karani wa dirishani, mwenye foleni mbele yake.

Mwenye duka hana subira na wino. “Mimi cheki ikirudi au ikichezewa, hasara ninayoiona ni ile ile. Kwa nini mmoja aitwe mdaiwa na mwenzake aitwe mghushi?”

Wakili analipokea swali hili kwa uzito, kwa kuwa ndilo linalochanganywa zaidi mitaani. Ibara ya 356 ya Sheria ya Adhabu inamtisha anayetoa kwa nia mbaya hundi isiyo na fedha kwa kifungo cha kuanzia miezi 6 hadi miaka 2. Kosa lake liko katika ahadi. Lakini mtu anaweza kutoa hundi ya kodi ya nyumba ya mwezi wa tisa akiwa na kazi, na mwezi wa tisa ukamkuta hana kazi. Ndiyo maana nchi jirani ya Falme za Kiarabu iliona, tangu Januari 2022, kwamba sehemu kubwa ya kesi za hundi zisizo na fedha ziende kwenye utekelezaji wa deni badala ya jela. Mabadiliko hayo, wakili anakumbusha, hayakumgusa mghushi. Aliyeghushi hundi alibaki pale pale, mhalifu.

“Basi tumekubaliana,” anasema mwendesha mashtaka.

“Hatujakubaliana, bwana. Nimesema ni mhalifu. Sijasema ni mhalifu wa namna gani.”

Mvutano huu si mchezo wa maneno, kwa sababu sheria ya Oman hugawa makosa kwa madaraja. Jinaya ni kosa zito, lenye kifungo cha kuanzia miaka 3 hadi 15 au zaidi ya hapo. Junha ni la kati, kuanzia siku 10 hadi miaka 3. Katika kughushi, anayegusa hati rasmi ya dola huadhibiwa kwa uzito zaidi kuliko anayegusa hati ya watu binafsi. Wakili anashikilia kwamba hundi ya mtu au kampuni ni hati ya binafsi hata ikipigwa mihuri kumi ya benki, na kosa lake libaki katika daraja la kati. Mwendesha mashtaka hapingi mgawanyo huo. Anachokataa ni hakimu kuutafsiri kama ruhusa ya kutoa adhabu ya chini kabisa. Hati ya binafsi ya kawaida, kama mkataba wa kukodi gari, huwahusu watu wawili. Hundi hupita kwa mlipwaji, kwa aliyeidhinishiwa nyuma yake, kwa benki mbili, na kila mmoja anaiamini kwa sababu ya saini ya mtu ambaye huenda hakuwahi kumwona.

Hoja hii ya mwendesha mashtaka ndiyo yenye nguvu kuliko zote katika mjadala huu. Kiasi kilichoongezwa kinaweza kurudishwa. Ila mtu wa tatu aliyetoa mali yake kwa kuiamini karatasi ameingizwa katika uongo ambao hakuwa na njia ya kuukagua, na hilo halilipwi kwa kurudisha rial.

Wakili anajibu kwa kurudi kwenye nguzo za kosa. Kughushi kunataka ukweli ubadilishwe katika hati, kwa nia ya hati hiyo kutumika kama sahihi, na kuwepo madhara au uwezekano wa madhara. Nguzo ya nia ndiyo inayowaokoa wengi wasiostahili jela. Mhasibu wa kampuni anapokea hundi yenye mwaka uliokosewa, kwa mfano mwezi Januari, wakati mkono bado umezoea mwaka uliopita. Anasahihisha tarakimu moja badala ya kuirudisha kwa mtoaji aweke saini ndogo pembeni. Amegusa tarehe, na tarehe ni sehemu nyeti ya hundi. Amekosea utaratibu, na benki ina haki ya kuikataa. Lakini hakukusudia kupata kisicho chake, na mtoaji akiulizwa atasema ndivyo alivyotaka kuandika.

“Na aliyekamatwa dirishani kabla hajapata kitu?” anauliza mwenye duka. “Hakuna aliyeibiwa.”

Hapa mwendesha mashtaka na wakili wanasimama pamoja. Madhara hayalazimiki kutokea. Yanatosha kuwa yangeweza kutokea. Hundi iliyogeuzwa kutoka 200 kuwa 1,200 ni kosa lililokamilika tangu kalamu iliponyanyuliwa, nia ikithibitika, hata karani akiikataa. Kuiwasilisha benki huku ukijua imeguswa ni kosa jingine, la kutumia hati ya kughushi, na linamkumba hata yule ambaye hakushika kalamu. Mkaguzi anaongeza kwamba watu wa pili hawa ndio wanaoonekana zaidi kwenye kamera za benki, kwa kuwa aliyeandika hupenda kumtuma mwingine dirishani.

Mwenye duka analeta habari za upande wa pili wa bahari. Tanzania Bara, kifungu cha 338 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinataja hundi pamoja na wosia, hati za ardhi na noti za benki, na kikomo cha adhabu ya kuzighushi ni kifungo cha maisha. Hati nyingine za kawaida kikomo chake ni miaka 7. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu. Kenya, kifungu cha 350 cha Sura ya 63 kinafanana na kile cha Bara karibu neno kwa neno: kifungo cha maisha. Bara na Kenya zina pia kifungu cha pekee kwa anayefuta au kubadilisha ile mistari miwili ya kufunga hundi kwa nia ya ulaghai, kikomo miaka 7. “Sasa maalim,” anamwambia wakili, “huoni kwamba Oman imelegea?”

Wakili anasema maisha ni kikomo tu, si kiwango cha lazima, na kwamba maneno hayo yalirithiwa kutoka kwa Waingereza, ambao wenyewe wameshayaacha: sheria yao ya mwaka 1981 inaweka kikomo cha miaka 10. Kisha anaeleza jambo ambalo kila anayetaka adhabu kali zaidi anapaswa kulijua. Uingereza ya zamani ilikuwa inanyonga waghushi. Mwenye benki wa London, Henry Fauntleroy, alinyongwa mwaka 1824 kwa kughushi hati za uwakala zilizomwezesha kuuza dhamana za wateja wake. Miaka sita baadaye, mwaka 1830, wenye benki kutoka miji mingi walipeleka ombi bungeni adhabu ya kifo iondolewe. Hawakuwa na huruma kwa waghushi. Wao ndio walioibiwa. Walilalamika kwamba baraza la wazee wa mahakama lilikuwa linawaachia watuhumiwa, na walioibiwa wenyewe walikataa kushtaki, kwa kuogopa kubeba damu ya mtu kwa sababu ya karatasi. Adhabu ilikuwa kubwa hata haikutolewa. Kufikia 1837 kifo kilikuwa kimefutwa kwa kughushi.

Mwendesha mashtaka anakubali funzo hilo, na kukubali kwake kunaunyoosha mjadala. Anachotaka si miaka mingi zaidi kwenye kitabu. Anataka uhakika: kila hundi iliyoguswa ifikishwe maabara ya polisi, na kesi isife kwa sababu wenyewe wamepatana.

Kabla ya kufika kwenye suala hilo la kupatana, mkaguzi anauliza swali ambalo wanasheria wa jinai hulisahau: hasara ni ya nani wakati mghushi yuko jela na fedha zimeshaliwa? Kanuni ya Oman, kama ya nchi nyingi za Kiarabu, inaanzia kwa benki. Benki iliyolipa hundi ambayo maandishi yake yamebadilishwa ndiyo inayobeba hasara, isipokuwa mtoaji ana kosa lake, na uzembe wa kutunza kitabu cha hundi ni mfano unaotajwa wazi. Uzembe wa kuandika umejadiliwa kwa kina zaidi katika kesi ya London ya mwaka 1918, baina ya London Joint Stock Bank na kampuni ya Macmillan and Arthur. Karani aliyeaminiwa alimletea mmoja wa washirika hundi ya paundi 2 akiwa njiani kutoka. Sehemu ya maneno ilikuwa tupu, na tarakimu 2 ilikuwa na nafasi kila upande. Mshirika akatia saini. Karani akaongeza moja mbele na sifuri nyuma, akaandika maneno ya paundi mia moja na ishirini, akachukua fedha akatoweka. Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba mteja ana wajibu kwa benki yake wa kuandika hundi kwa uangalifu, na hasara ikawa yake.

“Hiyo si haki,” anasema mwenye duka. “Mwizi ni karani.”

“Mwizi ni karani,” anajibu mkaguzi, “lakini karani ametoweka. Waliobaki ni wawili, na mmoja wao ndiye aliyemwachia nafasi.”

Mfano wa rial 200 unaonyesha jinsi mzigo unavyogawanywa hundi ikipita mikononi. Mtoaji ameandika 200. Mlipwaji ameigeuza 1,200, akaisaini nyuma na kumpa muuza matairi kama malipo. Kwa kanuni ya Geneva, waliosaini kabla ya mabadiliko wanafungwa na maandishi ya awali, na waliosaini baada yake wanafungwa na maandishi mapya. Basi muuza matairi anamdai mtoaji 200, na anamdai mlipwaji aliyeghushi zote 1,200. Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1882, ambayo Kenya na Tanzania zilirithi mizizi yake, huanza kwa ukali zaidi: hundi iliyobadilishwa katika jambo la msingi hubatilika kwa waliosaini kabla. Halafu hulegeza, na kumruhusu mwenye hundi kwa nia njema kudai kiasi cha awali ikiwa mabadiliko hayakuonekana kwa macho. Njia mbili, na muuza matairi anafika karibu pale pale. Mjini Maskati, muuza matairi huyo hahitaji kesi mbili. Anaweza kuingiza dai lake la fedha ndani ya kesi ya jinai yenyewe, kwa Sheria ya Mwenendo wa Jinai, Amri ya Kifalme 97/99.

Ndipo linapokuja suala la sulhu, na hapa ndipo sauti zinapopanda. Katika hundi iliyorudi, wafanyabiashara wa Maskati wamezoea kwamba deni likilipwa na mlalamikaji akasamehe, shauri limekwisha. Mwenye duka anaona iwe hivyo hivyo kwa hundi iliyoguswa. Aliyegusa mara nyingi ni kijana wa dukani, mtoto wa jirani, au mgeni aliyekuja kutafuta riziki, na hukumu kwa mgeni inaweza kufuatwa na kufukuzwa nchini. “Amerudisha rial elfu, baba yake amekuja kuniomba radhi nyumbani. Mimi nataka nini tena?”

Mwendesha mashtaka anamjibu kwa upole, kama mtu anayezungumza na mkubwa wake. “Wewe umesamehe lako, sheikh, na Mungu akulipe. Lakini hundi ile ilipita benki mbili na muuza matairi. Wao wamesamehe nini?”

Jibu hilo ni sahihi, na mfumo wowote unaoruhusu hundi iliyoguswa izikwe kwa makubaliano ya watu wawili unawauza waliobaki. Sulhu ina nafasi yake kwenye kipimo cha adhabu: fedha kurudi kabla ya hukumu, umri, kosa la kwanza, na kukiri mapema ni sababu za kumpa hakimu nafasi ya kushuka kuelekea chini ya kiwango, hata kusimamisha utekelezaji wa kifungo pale sheria inaporuhusu. Hakimu anayempeleka jela miaka kijana aliyerudisha kila baisa, na aliyegusa hundi moja, ameifanya adhabu kuwa kisasi. Ila kosa lenyewe lazima lisomwe, liandikwe, na lijulikane. Kwa mwenye kurudia, au mhasibu aliyepewa kitabu cha hundi kwa sababu ya kuaminiwa, hata wakili haombi huruma ya aina hiyo. Anaomba tu ushahidi wa maabara uwepo, badala ya kukiri kulikopatikana haraka.

Linabaki suala moja, ambalo linakua kila mwaka. Mghushi anaweza kuacha karatasi kama ilivyo na kubadilisha picha yake, au taarifa ya malipo ndani ya kompyuta ya kampuni, kabla haijatumwa. Sheria ya Kupambana na Makosa ya Mtandao, Amri ya Kifalme 12/2011, ibara ya 12, inamshika kwa kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 3 na faini ya rial 1,000 hadi 3,000, na kwa data za serikali adhabu ni nzito zaidi. Mwendesha mashtaka anaipenda ibara hii kwa kuwa ina faini yenye uzito na haihitaji kubishania wino. Wakili anaonya kwamba kitendo kimoja kisiwe mashtaka mawili ya kumwongezea mtu miaka: picha iliyobadilishwa na hundi iliyobadilishwa kwa ajili ya malipo yale yale ni tendo moja lenye majina mawili, na katika hali hiyo hukumu hufuata jina lenye adhabu kubwa.

“Na nani anathibitisha kompyuta iliguswa na nani?” anauliza mwenye duka.

Mkaguzi anasema kila anayeingia kwenye mfumo wa malipo ana jina na nywila yake, na mfumo huandika saa na mashine aliyotumia. Tabu iko katika ofisi ndogo, ambako watu watatu hutumia nywila moja iliyobandikwa pembeni ya skrini. Huko, wakili anasema, atamtetea yeyote kati ya hao watatu, na mwendesha mashtaka anajua kwamba atashinda.